Kereng'ende wa Kijitoni: Uhakiki wa Lugha Tunayomwelezea

Mfasiri anayepewa maelezo ya mdudu aghalabu huanza kwa kutafuta jina, na akisha kulipata hudhani kwamba kazi iliyobaki ni nyepesi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kwa upande wa kereng'ende mambo yako kinyume. Jina tunalo, tena la siku nyingi. Tunachokidharau ni maneno ya kueleza umbo lake na mahali anapoishi, ingawa maneno hayo nayo yamo katika Kiswahili, mengine yakitumika kila siku jikoni, shambani na ngomani.

Kereng'ende niliyemchagua kuwa kipimo ni yule ambaye wataalamu humwita Platycypha caligata. Jina la caligata alipewa mwaka 1853 na Mbelgiji Edmond de Selys Longchamps. Anapatikana katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na vijito vya Tanzania, Kenya na Uganda anavifahamu vema. Si mdudu adimu, na ndiyo sababu anafaa kwa uhakiki: mwalimu anaweza kuwachukua wanafunzi hadi kijitoni, wakamwona, kisha wakapima maneno ya kitabu kwa macho yao wenyewe.

Tuchukue maelezo ya namna hii: "Nzi-joka huyu hupatikana kando ya mikondo. Ana kifua chenye mistari, tumbo la buluu na miguu ya rangi. Mabuu yake huishi majini." Sentensi hizi nimezitunga mwenyewe kwa ajili ya uhakiki, lakini msomaji aliyezoea kusahihisha tafsiri atawatambua jamaa zake. Sarufi yake haina kasoro. Walakini, mtu akiyasoma maelezo haya kisha akaenda kijitoni, hataweza kumtofautisha mdudu anayetafutwa na wengine kumi wanaoruka hapo hapo.

Neno "nzi-joka" halitutaki maneno mengi. Ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kereng'ende si nzi, kwa maana nzi ana mbawa mbili na kereng'ende ana nne. Wala hana uhusiano wowote na joka, isipokuwa katika mawazo ya watu wa Ulaya. Mtu akisema kwamba neno kereng'ende halitoshi kwa kuwa lina maana mbili, hapo ana hoja. Ni kweli kwamba jina hilo hilo hutumika pia kwa ndege wa jamii ya kwale, na waandishi wengi, ama kwa haraka ama kwa sababu ya mashine, huidondosha ritifaa na kuandika "kerengende" kwa wote wawili. Katika mazungumzo hakuna madhara. Lakini katika orodha ya wanyama wanaowindwa kwa kibali, au katika taarifa ya uhai wa mto, karani anayenakili jina peke yake anaweza kumpeleka mdudu katika safu ya ndege. Dawa yake haihitaji neno jipya. Yatosha kuandika "kereng'ende ndege" au "kereng'ende mdudu" pale jina linapotajwa kwa mara ya kwanza, na ritifaa iwekwe mahali pake.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba neno moja linabeba makundi mawili ambayo wanasayansi huyatenga. Kundi la kwanza ni la wale wenye miili minene, macho makubwa ambayo kwa wengi wao hukutana juu ya kichwa, na mbawa za nyuma ambazo ni pana shinani kuliko za mbele. Kundi la pili ni la wale wembamba, macho yao yakiwa mbali mbali, na mbawa zao za mbele na za nyuma zikikaribia kufanana. Kereng'ende wetu ni wa kundi hili la pili. Kishawishi cha kwanza cha muundaji wa istilahi ni kutazama jinsi wadudu hawa wanavyotua: wanene hutandaza mbawa, wembamba huzikunja juu ya mgongo. Kwa hiyo angependekeza "mtandaza-mbawa" na "mkunja-mbawa", na majina hayo yangependeza sikioni. Lakini yangeanguka mara moja, kwa kuwa wako kereng'ende wembamba ambao hutua wakiwa wameziacha mbawa wazi. Jina lililojengwa juu ya tabia yenye vighairi litamsumbua mwalimu kila mwaka. Naona heri kushika umbo: "kereng'ende mbawasawa" na "kereng'ende mbawatofauti". Hayana utamu mwingi, lakini hayatamdanganya mwanafunzi.

Sasa tufike kwenye mwili wenyewe. Dume aliyekomaa ana urefu uzidio kidogo sentimeta 3. Tumbo lake ni fupi na bapa, halizidi urefu wa mbawa, na mgongoni ni la buluu iliyoiva. Uso umechomoza mbele kama pua fupi, jambo ambalo ni alama ya jamii yake nzima. Jike ni wa rangi ya udongo na kahawia, wala havutii macho; naye dume mchanga hajaipata bado ile buluu. Maelezo yanayosema tu "kereng'ende huyu ni wa buluu" yamemsahau jike na yamewasahau vijana, yaani yameeleza sehemu tu ya walioko kijitoni.

Katika kueleza tumbo wafasiri wetu hutumia maneno kama "sehemu" au "vipande". Tumbo la kereng'ende limegawanyika kwa pingili 10. Neno pingili analijua kila mtu aliyewahi kutafuna muwa, nalo linaeleza barabara kitu kilichoungana kwa vifundo bila kukatika. Sioni sababu ya kuliacha shambani wakati linahitajika darasani.

Lakini uzuri wa kereng'ende huyu, na kiini cha hoja yangu, viko miguuni. Dume ana miguu ambayo sehemu yake moja imetanuka na kuwa bapa kama kibao cha kasia, upande mmoja mweupe, upande wa pili mwekundu. Jike anapofika, dume huruka mbele yake na kuitikisa miguu hiyo upesi upesi ili weupe wake uonekane. Selys Longchamps aliona miguu hii katika vielelezo vilivyokaushwa, wala hakuhitaji kuuona mchezo wenyewe ili apate jina. Caligata ni neno la Kilatini lenye maana ya aliyevaa "caliga", yaani kiatu cha askari wa Roma. Ndicho kiatu kilichompa Kaizari Gaius lakabu ya Caligula, au kijiatu, kwa sababu utotoni alivalishwa vazi la askari. Kwa hiyo jina la kitaalamu la mdudu huyu halikutungwa kwa ndoto. Linamwelekeza msomaji atazame miguu.

Tafsiri yetu ya mfano imesema nini juu ya jambo hili? "Miguu ya rangi." Rangi gani, na mguu upi? Mguu wa mdudu una sehemu kadhaa, na iliyotanuka ni ile inayofuata paja. Kwa mtu, sehemu inayofuata paja, kutoka gotini hadi kifundoni, mbele yake huitwa muundi. Neno hili tunalo, lina wingi wake, miundi, na kila aliyejigonga gizani kwenye ukingo wa kitanda anajua liliko. Hata hivyo katika maandishi ya sayansi mara nyingi huachwa, na badala yake huwekwa neno la kigeni lililobadilishwa irabu ya mwisho, au msururu wa maneno kama "sehemu ya tatu ya mguu". Wapo watakaosema kwamba muundi ni wa mtu na hauwezi kuwa wa mdudu. Mbona paja la mdudu halikataliwi? Mbona jicho lake, kichwa chake na tumbo lake havikataliwi? Lugha ya sayansi kokote duniani imejengwa kwa kuazima viungo vya mtu na kuvipa viumbe wengine. Kereng'ende huyu ana miundi bapa, na maneno hayo mawili yanatosha kumtenga na kereng'ende wengi anaoruka nao.

Hapa kuna suala la jina la kawaida. Jina ambalo Waingereza wanampa siku hizi lingefasirika "kito kichezacho". Kwa Kiingereza halina ubaya, kwa kuwa jamii yake nzima wameipa jina la vito. Kwa Kiswahili linapotosha mara mbili. Kito kwetu ni kitu kilichotulia, huvaliwa na kutunzwa, hakichezi. Na "kuchezacheza" kwa mdudu humpeleka msomaji kwenye mchezo wa watoto, si kwenye ngoma. Mtu mmoja anaweza kupendekeza "kereng'ende njuga", kwa kuwa mcheza ngoma hufunga njuga miguuni, na dume huyu naye huonyesha miguu. Nakiri kwamba jina hilo linanivuta. Lakini njuga hufungwa ili mguu usikike, na kereng'ende huyu hana sauti yoyote anayoitoa kwa miguu. Yeye hutaka aonekane. Mwanafunzi atakayeambiwa "njuga" atatega sikio bure. Kwa hiyo kwa maandishi rasmi napendekeza "kereng'ende miundibapa", na njuga tuwaachie washairi, ambao bila shaka watajua la kufanya nazo.

Jina hilo lina faida nyingine. Katika milima ya mashariki ya Tanzania yupo ndugu yake, Platycypha auripes, aliyeelezwa mwaka 1906, ambaye hapatikani nchi nyingine. Jina lake la Kilatini maana yake ni miguu ya dhahabu. Tukikubali kwamba jamii hii ndogo tunaitambua kwa miguu, basi tutakuwa tumeanza mpango ambao majina mengine yanaweza kuingia bila kugongana. Ndivyo istilahi nzuri inavyokua, neno moja likilitengenezea jingine njia.

Juu ya "mabuu" nitasema kwa ufupi. Buu ni mtoto wa nzi: hana miguu, na kabla ya kupata mbawa hupitia hali ya kulala ndani ya gamba. Kiluwiluwi nacho tumekizoea kwa chura na mbu. Kereng'ende hapitii hali ile ya kulala. Mtoto wake ana miguu sita tangu mwanzo, huvua gamba mara nyingi, vichipukizi vya mbawa hukua polepole mgongoni, na siku ya mwisho hupanda juu ya jiwe au mmea, gamba likapasuka na mwenye mbawa akatoka. Mkulima aliyepigana na nzige anaujua ukuaji wa namna hii na analo neno lake, tunutu. Tunutu wa nzige hali kama tunutu wa kereng'ende, wala hawaishi mahali pamoja. Lakini njia yao ya kukua ni moja, na istilahi hutaja njia hiyo. Kwa hiyo tuseme tunutu wa kereng'ende. Tunutu wa kereng'ende wembamba walio wengi ana viungo vitatu vilivyo kama majani mwishoni mwa tumbo. Wa jamii ya miundibapa ana viwili tu vilivyo virefu, vyembamba kama miiba. Mwenye kukusanya wadudu wa majini kwa chujio anaweza kumtambua kwa alama hiyo hata kama hakuna hata kereng'ende mmoja anayeruka siku hiyo.

Nimeyaacha mwisho maneno "kando ya mikondo" kwa sababu ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Mkondo ni mwendo wa maji, na bahari nayo ina mikondo. Shule zetu zina mikondo ya madarasa, na hakuna kereng'ende aliyewahi kuonekana huko. Kinachokusudiwa ni kijito. Lakini hata kijito pekee hakitoshi, kwa sababu Kiswahili kinatofautisha maji yapitayo kwa njia zaidi ya moja. Mfo ni njia ya maji ya mvua itokayo mlimani, ambayo kiangazi huachwa na mawe matupu. Kijito chaweza kuwa cha mwaka mzima. Chemchemi ni asili ya maji, si njia yake. Maporomoko ni pale yanapoanguka, na kidimbwi ni pale yanapotulia. Tunutu anayehitaji maji kwa muda mrefu hawezi kumaliza maisha yake katika mfo. Mfasiri akiandika "mto mdogo" kwa hali zote hizo amefuta tofauti ambayo wenyeji wanaijua na ambayo mdudu anaifuata kwa uhai wake.

Miundibapa anataka nini hasa? Anataka maji yanayokwenda, yaliyo safi, katika kijito au mto wenye miti ukingoni. Dume hukaa juu ya jiwe, mzizi au kijiti kilichochomoza majini, mara nyingi pale jua linapopenya kati ya vivuli. Mahali hapo hupalinda dhidi ya madume wengine, kwa kuwa karibu yake pana mti uliooza au vijizizi laini vilivyozama, na humo ndimo majike hutaga mayai. Kwa hiyo ukingo wenye miti si pambo la mandhari. Miti ndiyo inayotia kivuli, na matawi yake yaliyoanguka ndiyo kitanda cha mayai. Mtu akiufyeka ukingo na kuyaondoa matawi majini kwa nia njema ya kusafisha kijito, maji yataendelea kupita na bado kereng'ende huyu ataondoka. Maelezo yanayosema "hupatikana kando ya" hayawezi kumwonya mtu huyo. Neno "kando" ni la mpita njia. Tunahitaji kusema hukaa juu ya nini, hutaga ndani ya nini, na tunutu hukulia wapi.

Msomaji wa ofisini atauliza inamhusu nini. Nitamjibu kwa mambo mawili.

Kwanza, nchini Afrika Kusini ilitolewa mwaka 2016 kanuni ya kupima hali ya mito kwa kutazama kereng'ende, iliyoandikwa na Samways na Simaika. Kila aina hupewa alama kuanzia 0 hadi 9 kwa kufuata ukubwa wa eneo inapopatikana, hatari inayoikabili, na jinsi inavyovumilia mabadiliko ya mazingira. Aina iliyozagaa na isiyojali uchafu hupata alama ndogo, na isiyohimili hupata kubwa. Kipimo cha namna hii hakifanyi kazi bila majina ya aina. Taarifa ya Kiswahili isemayo "kereng'ende wapo wengi" yaweza kuandikwa juu ya kijito safi cha msituni na yaweza kuandikwa juu ya bwawa la maji machafu, maana huko nako wapo kereng'ende wanaostahimili. Karani hakusema uongo, lakini hakumwambia mkuu wake lolote.

Pili, na hili ni la kwetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka fukwe za bahari na maziwa, kingo za mito na mabwawa, na hata zile zisizo za kudumu zikiwa zinaweza kuathiri hifadhi yake. Mwaka 2021 sheria za nchi zilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mfasiri wa sheria sasa anayo kazi ambayo zamani ilikuwa ya mtaalamu wa viumbe: aseme ukingo ni nini na mto ni nini. Ufukwe ni wa bahari na ziwa; asiupeleke mtoni. Gema ni ukingo uliosimama kama ukuta. Mto wenye gema upande mmoja na mchanga uliolala upande wa pili utapimwa kuanzia wapi? Na kama maandishi yatasema "mto" peke yake, mwanakijiji mwenye shamba kwenye kijito atasema kwa haki kabisa kwamba hicho ni kijito, si mto. Wa kwenye mfo atasema hapo hapana maji miezi mitano. Majibu yako katika fasili zilizowekwa mwanzoni mwa sheria, na fasili hizo ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi kuliko vifungu vya adhabu, ambavyo wafasiri huvipa muda mwingi.

Milima ya Usambara ya Mashariki inatuonyesha uzito wa mita hizo. Huko, karibu na Amani, ndiko aliko Amanipodagrion gilliesi, kereng'ende mwembamba wa vijito vya msituni aliyeelezwa na Pinhey mwaka 1962. Hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani, na amewekwa katika daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Jina lake la kitaalamu limebeba jina la kijiji cha Tanzania. Jina la Kiswahili la kumtosheleza bado latafutwa, na napendekeza atakayelitafuta aanze kwa kukaa saa mbili ukingoni, ayaandike kwanza maneno ya maji, ya kivuli na ya mti uliooza kama wenyeji wa hapo wanavyoyatamka.

Kwa sasa, maelezo yale ya mfano ningeyaandika hivi: "Miundibapa ni kereng'ende mbawasawa wa vijito na mito isiyokauka. Dume aliyekomaa ana tumbo fupi, bapa, la buluu mgongoni, na miundi iliyotanuka, myeupe upande mmoja na myekundu upande wa pili. Jike ni wa rangi ya kahawia na miundi yake ni myembamba. Dume hukaa juu ya jiwe au mzizi penye jua kati ya vivuli vya miti ya ukingoni. Jike hutaga ndani ya mti uliooza uliozama majini. Tunutu, mwenye viungo viwili kama miiba mwishoni mwa tumbo, hukulia katika maji yaendayo." Halina neno hata moja ambalo halikuwa la Kiswahili, isipokuwa majina mawili tuliyoyaunganisha kwa maneno yake yenyewe, na lina urefu wa kuingia katika ukurasa mmoja wa daftari la mwanafunzi au katika safu ya maelezo ya fomu ya bwana maji.